Mabamba ya Kuliwa

Chai ya kwanza niliyopikiwa kwa maji ya kisima kipya cha Simbo ilikuwa nyeusi kama wino. Mama aliimimina kwenye kikombe cheupe, kile anachokificha kwa ajili ya wageni, akanisogezea, akaketi kunitazama. Nilipiga funda moja nikahisi nimelamba msumari.

"Haya, msomi," akasema. "Karibu chai."

Huyo ndiye mama yangu. Hagombi wala hapigi kelele, anakupikia tu. Na kwa haki kabisa, kisima kile hakikuwa kazi yangu. Kilichimbwa na watu wa mradi, wakafunga pampu ya sola na tangi juu ya mnara, wakapiga picha na wanakijiji, wakaondoka. Walichimba karibu kabisa na ua wa mama, na siku maji yalipotoka nilishangilia kuliko mtu yeyote, kwa sababu nilijua maana yake: mama ataacha kushuka kijitoni.

Kijito kiko chini ya mteremko wa udongo mwekundu, ambao mvua ikinyesha unateleza kama sabuni. Masika moja mama alianguka pale na ndoo kichwani, akavunjika kifundo cha mkono, na mkono ule ukaunga ukiwa umepinda. Umri wake siutaji kwa sababu hata yeye hautaji, ila si umri wa kupandisha ndoo mteremko ule. Nilishamwomba aje tukae wote Gungu, mjini, kwangu kuna bomba ndani ya nyumba. Alikuja, akakaa wiki, akasema maji ya bomba yananuka dawa na majirani wanasalimiana kupitia ukuta. Akarudi Simbo kwa bodaboda, amempakata kuku niliyemnunua kwa ajili ya mchuzi.

Basi kisima kilikuwa ndiyo tegemeo langu, na kisima kikaniangusha. Maji yake yalitoka meupe, unaona mpaka chini ya ndoo. Yakilala ndani ya ndoo, asubuhi unakuta rangi ya kutu. Ni madini ya chuma hayo. Yakiwa chini ya ardhi yameyeyuka, huyaoni. Yakipata hewa yanaanza kujionyesha. Shuka nyeupe ikifuliwa kwa maji hayo inatoka na madoa ya njano. Maharage yanaiva meusi. Na muhogo ukilowekwa humo, unga wake unatoka wa kijivu.

Hapo kwenye unga ndipo mama aliposema hapana. Kwetu mwanamke hupimwa kwa weupe wa unga wake wa muhogo, upende usipende, na mama alikuwa ameshika nafasi ya kwanza katika kitongoji chake tangu mimi sijazaliwa. Kuna watu waliokuwa wakija na mihogo yao kumwomba awaelekeze namna ya kuloweka. Mtu wa namna hiyo humwambii ale ugali wa kijivu kwa sababu kisima kiko karibu. Alikitazama kisima siku mbili tatu, akachukua ngata yake ya kutuliza ndoo kichwani, akarudi kijitoni.

Mimi ni fundi umeme. Nina karakana Mwanga, nyuma kidogo ya soko, nasuka upya mota zilizoungua, natengeneza pampu, nafunga sola. Wateja wapya huingia na mota begani, wakaona mwanamke, wakaniuliza fundi yuko wapi. Mimi nawajibu, "Umemkuta, weka mota chini." Nasema haya ili ieleweke kwamba nilipomwambia mama nitayasafisha yale maji kwa umeme, sikuwa naropoka. Nilikuwa najua naweza. Chuoni tulifundishwa jambo hilo katika kipindi kimoja cha jioni ambacho nusu ya darasa walisinzia, na mimi sikusinzia.

Jambo lenyewe si la ajabu. Unachukua mabamba ya alumini, unayapanga ndani ya pipa la maji yakiwa wima, hayagusani. Moja unalipa waya wa chanya, linalofuata waya wa hasi, hivyo hivyo mpaka mwisho. Ukiwasha umeme wa sola, alumini inaanza kutoka kwenye mabamba kidogo kidogo na kuingia majini. Humo inageuka kuwa mabonge mepesi, kama maziwa yaliyokatika, na mabonge hayo yanaikamata ile kutu, yanashikamana nayo. Mabonge mengine yanapanda na mapovu, mengine yanazama. Unayahamishia maji kwenye pipa la pili yatulie, kisha unayapitisha kwenye mchanga. Yanayotoka chini ya mchanga ni maji ya watu. Kwanza nilijaribu njia rahisi, kuyarusha maji hewani na kuyachuja kwa mchanga peke yake. Yalipungua ukali, lakini chai iliendelea kuwa nyeusi. Kutu ya kisima kile ilikuwa sugu.

Nilifanya jaribio langu la kwanza karakana, kwenye ndoo, kwa maji niliyoyabeba kutoka Simbo kwenye madumu. Alumini nilinunua mpya, ya bati la kiwandani. Masufuria ya kusubu yale ya mtaani sikuyataka, maana hujui fundi wake aliyeyusha nini pamoja na nini, na maji ya kunywa hayataki mchezo. Nilipochemsha chai ikatoka nyekundu, nyekundu ile yenyewe, nilicheka peke yangu mpaka mshona nguo wa jirani akachungulia. Hata hivyo sikumpa mtu anywe. Nilipeleka maji kwenye maabara ya maji mjini, wakayapima, wakasema ni salama. Ndipo nikafunga mtambo Simbo, ndani ya kibanda cha mabati kando ya ua wa mama, na ufunguo nikampa yeye.

Nilimfundisha asubuhi moja. Washa hapa, subiri mpaka povu lijae juu, zima, fungua koki hii. Alijifunza haraka kuliko wanaume ninaowalipa. Alichouliza ni kimoja tu: mabamba yale ni mali ya nani. Nikamwambia ni yangu. Akaitikia kwa kichwa.

Haraka ya kufunga mtambo ilikuwa na sababu. Watu wa mradi walikuwa wamerudi, wakakuta kisima hakina foleni, majani yameota kwenye zege la bomba. Walimwambia mwenyekiti wa kamati ya maji kwamba kuna kijiji kingine kinasubiri, na kama Simbo hawayatumii maji basi pampu na paneli zitahamishwa. Mwenyekiti, mzee mpole ambaye hukohoa kabla ya kila sentensi, aliwaomba waje Jumamosi waone mtambo wa binti wa hapa hapa. Wakakubali kuja. Wakaja na pikapu, kamba na spana.

Nilifika nikakuta watu wamejaa. Wanawake wanasalimiana "Mwakeye, mwakeye", wengine na ndoo zao kabisa. Nikamwamkia mwenyekiti, nikamwamkia mama, akaniitikia marahaba huku amevaa kitenge cha sikukuu. Mhandisi wa mradi, kijana mwenye viatu visafi na adabu nzuri, alinipa mkono akaniambia yeye anatamani ifanikiwe. Nikamwambia asitamani, atazame tu.

Nikawasha.

Kwa kawaida ukiwasha, baada ya muda mfupi pipa linaanza kuchemka mapovu madogo madogo, unayasikia hata kwa sikio. Safari hii vilipanda vipovu viwili vitatu kama vya chura, basi. Nikaangalia mita ya ampea, mshale umelala. Nikajipa moyo kwamba wingu limepita juu ya paneli. Nikatazama juu, hakuna wingu. Tukasubiri. Maji yakabaki na rangi ile ile ya kutu. Tukayapitisha kwenye mchanga, mama mmoja akachemsha chai palepale kwenye jiko la mkaa, akaimimina, na kila aliyekuwa karibu aliona. Nyeusi.

Mtu mmoja nyuma akasema, "Kutu imeushinda umeme," watu wakacheka. Dereva wa pikapu hakucheka. Alishuka, akaanza kufungua kamba.

Sijui nieleze vipi hasira niliyoipata. Haikuwa ya aibu, aibu mimi hainikai. Ilikuwa hasira ya mtu anayejua hesabu yake ni sahihi halafu jibu linatoka kombo. Nilitazama upande wa mama, nikamwona ametazama njia ya kijitoni. Alikuwa ametulia kabisa, kama mtu anayekumbuka ana safari. Hapo ndipo nilipoogopa.

"Hakuna anayepanda mnarani," nikamwambia dereva. "Nipe muda."

Mwenyekiti akakohoa. "Mpeni fundi muda."

Nikashika kazi. Volti zilikuwa zinafika zote, kamili. Maungio ya waya yalikuwa safi na yamekaza. Umeme unafika kwenye bamba lakini hauingii majini, kwa hiyo kuna kitu kimekaa katikati ya bamba na maji. Nikazima, nikatia mkono ndani ya pipa, nikalishika bamba la kwanza. Likateleza kama kambare. Nikanusa vidole.

Mawese.

Harufu ile nimekulia ndani yake, siwezi kukosea hata nikiwa na mafua. Nikatoa bamba jingine, nalo limepakwa, pande zote mbili, kwa uangalifu, mpaka kwenye pembe. Hii haikuwa bahati mbaya. Mtu alikaa na kitambaa akayapangusa moja moja.

"Fundi, tatizo ni nini?" akauliza mhandisi.

"Mabamba yana mafuta. Umeme haupiti kwenye mafuta."

"Mafuta yametoka wapi?"

Nilishamjua aliyepaka, na nilikuwa natafuta namna ya kumeza jibu. Sikupata nafasi. Mama alikuwa ameshasogea mbele, mikono kiunoni, ule uliopinda na ule mzima.

"Nimeyapaka mimi," akasema. "Nilifungua pale juzi nikakuta vyombo vya mwanangu vinaliwa. Vina vishimo, vimechakaa, na ni vipya. Nikavipaka mawese. Kwani nyie majembe yenu mnayaacha tu yaliwe na kutu?"

Mama mmoja akasema, "Hata mimi ningepaka," na mwingine akadakia, "Oya, usipopaka si yanakwisha?" Hata mwenyekiti aliitikia kwa kichwa kabla hajakumbuka yeye ni mwenyekiti. Kwetu jembe halipandishwi darini kiangazi bila kupanguswa mawese. Panga la marehemu baba bado liko nyuma ya mlango, linang'aa, kwa sababu mama hulipaka mpaka leo ingawa hakuna wa kulitumia. Katika kusanyiko lote lile tulikuwa wawili tu, mimi na mhandisi, tulioona kuna kosa limetendeka.

Nilicheka. Hasira iliniisha palepale, nikacheka mpaka nikashika ukingo wa pipa. Kisha nikamwambia, kwa sauti ili wote wasikie, maana maelezo yale yalikuwa yanawahusu wote.

"Mama, haya mabamba yamewekwa yaliwe. Ndiyo kazi yake. Kinachotoka kwenye bamba ndicho kinachokamata kutu. Ukilizuia bamba lisiliwe, maji yanabaki machafu."

Alipitisha kidole kwenye vishimo vya bamba. "Yaani yanaisha."

"Yanaisha."

"Na yakiisha?"

"Tunaweka mengine."

"Nayo yaliwe."

"Nayo yaliwe, mama."

Alivua khanga ya begani, akajifunga kiunoni, akaagiza maji ya moto, majivu na magunzi ya mahindi. Wanawake wakatawanyika majumbani mwao wakarudi navyo, mmoja akaja na sabuni ya mawese, nikamrudisha nayo mbio. Tukakaa chini tukasugua. Mhandisi naye akakunja mikono ya shati akapewa gunzi lake, na mama akamwonyesha namna ya kulishika. Tuliyasuuza mabamba mpaka maji yakawa yanatambaa juu yake bila kujikusanya matone, ndipo unajua mafuta yameondoka. Pipa tukalimwaga, tukalisugua, tukajaza upya.

Nilipowasha mara ya pili, mshale wa ampea ulisimama. Mapovu yakapanda. Watu walisogea wakainamia pipa kama wanatazama chungu cha harusi, na kutu ikaanza kujikusanya juu, povu la rangi ya matofali, nene, la kuzolewa kwa kata. Tukayaacha maji yatulie, tukayapitisha kwenye mchanga. Chai ya mara hii ilitoka nyekundu. Mwenyekiti aliinywa yote, akakohoa, akaomba nyingine. Dereva akafunga kamba zake.

Walinipongeza, na nilizipokea pongezi zote, sikukataa hata moja. Lakini kesho yake asubuhi, jirani alinipigia simu kunishukuru, na katikati ya shukrani akaniambia kwamba amepishana na mama akipanda na ndoo kutoka kijitoni.

Nilikaa kwenye kiti changu cha karakana na mota ya watu mapajani, nikaacha kuisuka. Pampu imebaki, kijiji kizima kinakunywa, na mtu niliyemfanyia kazi ile yote bado anateremka. Nilitaka kumpigia nimgombeze. Sikupiga. Namjua mama. Chai haikuwahi kuwa kipimo chake.

Muhogo hauna haraka. Ni lazima ulowekwe, ulainike, utolewe nyuzi, uanikwe, utwangwe, uchekechwe. Nilisubiri. Siku moja akanipigia yeye, neno moja tu, "Njoo." Nilifunga karakana mchana mchana.

Nilimkuta amekaa uani na ungo mbele yake. Juu ya ungo kulikuwa na vichuguu viwili vya unga. "Huu wa kijitoni, huu wa kisima," akasema. "Au nimekosea, labda huu ndio wa kisima." Niliinama nikatazama, nikageuza ungo kwenye jua, nikachovya kidole. Vyote viwili vilikuwa vyeupe. Sikuweza kuvitofautisha na nikamwambia hivyo.

"Wewe hukuwahi kujua unga," akasema. Akavichanganya kwa kiganja, vikawa kimoja, akaingia ndani kupika. Tulikula ugali ule na samaki, migebuka ya kukaanga niliyotoka nayo mjini, na hakusifia kitu. Ila wakati naondoka niliona ngata yake haipo kwenye msumari wake. Nikaitafuta kwa macho nikaikuta pembeni mwa jiko, na yule kuku wangu wa mchuzi ameikalia, anaatamia.

Nilirudi Gungu kwenye bodaboda naimba. Dereva aliuliza kama nimepata mtoto, nikamwambia nimepata mama.

Miezi ikapita. Kamati ikawa inaendesha mtambo yenyewe, tope jekundu linakaushwa shimoni, na mama huliiba kidogo kupaka msingi wa nyumba yake, ambao sasa ni mwekundu kuliko wa mtu yeyote Simbo. Mabamba yakaisha, kama nilivyosema yataisha. Nilitafuta bati la alumini Mwanga nikakosa, nikaambiwa mzigo uko njiani, njiani ambako mizigo yetu hukaa sana. Nikampigia mama kumweleza kwamba huenda mtambo ukasimama kidogo, asishuke kijitoni, nitamletea maji kwa madumu. Akasema sawa.

Nilipofika na madumu nilikuta sufuria kubwa limefunikwa kifudifudi kizingitini, limesuguliwa kwa mchanga mpaka linaumiza macho. Nililijua. Baba alilinunua Ujiji wakati nikiwa sijaanza shule, sufuria la kiwandani lenye muhuri kitakoni, na alilibeba kichwani kama kofia njia nzima ili watu waone. Humo ndimo ulimopikwa wali wa arusi ya dada yangu. Humo ndimo yalimopikwa maharage ya matanga ya baba mwenyewe.

"Kata," mama akasema.

"Mama, siyo hili."

"Wewe si ulisema yanawekwa yaliwe? Sasa unataka niweke kipi, nisichokipenda?"

Nilikaa kizingitini nikalia. Nasema wazi, nililia kama mtoto, na mama aliniacha nilie, akanisogezea mkasi wa bati kwa mguu. Kisha nikakata. Nililitanua, nikalinyoosha kwa nyundo, nikatoboa matundu ya waya, nikayaweka mabamba mapya ndani ya pipa. Maji ya kwanza niliyapeleka tena maabara kabla ya mtu kuyagusa, maana upendo si kipimo cha maji. Yakawa salama.

Mzigo wa alumini ulifika baadaye, na wiki iliyopita nilikwenda Simbo na mabamba ya akiba ndani ya mfuko. Nilifungua kibanda, nikazima umeme, nikanyanyua bamba moja. Lilikuwa limebaki jembamba, lina matundu, jua linapita katikati yake. Sehemu ya muhuri wa kiwanda ilikuwa bado inasomeka kidogo. Mama alikuwa amesimama mlangoni.

"Limebaki?"

"Kidogo tu, mama."

Hakungoja nimweleze kilichomo mfukoni. Aliingia jikoni, na kabla sijafungua mfuko wangu nilimsikia akikitoa msumarini kifuniko cha lile sufuria la baba.